MAFUTA YA AKIBA KWENYE PIKIPIKI: TUYABEBE VIPI TUFIKE SALAMA?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia. Kiongozi anaweza kuyasoma kwa sauti mkutanoni, sehemu kwa sehemu. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.



Leo sikuja na maneno ya mbuzi wa maziwa wala ya choo cha shimo. Nataka tuzungumze juu ya ule mtungi wa petroli unaofungwa nyuma ya pikipiki kabla ya safari ndefu. Vikundi vingi siku hizi vina pikipiki yao, iliyonunuliwa kwa pesa za mzunguko au kwa harambee. Pikipiki hiyo ndiyo hupeleka asali na ngozi sokoni, ndiyo hulete dawa za mifugo, na usiku mama akishikwa na uchungu ndiyo ambulensi yetu. Na mahali kama Marsabit, Turkana, Samburu na Isiolo, mtu anaweza kwenda kilomita 100 na zaidi bila kuona kituo cha petroli. Kwa hiyo mafuta ya akiba si anasa. Ni lazima yabebwe.

Wengi wetu tunaijua hadithi ya wanawali kumi katika Mathayo sura ya 25. Wale watano waliobeba mafuta ya akiba waliitwa wenye busara. Ni kweli, kujiandaa ni busara. Lakini tukumbuke kwamba taa za siku zile ziliwaka kwa mafuta ya zeituni, na yale yakimwagika unapangusa tu na kitambaa. Petroli ni kitu kingine kabisa. Kuibeba kunahitaji busara ya pili juu ya ile ya kwanza.

PETROLI NI KITU CHA NAMNA GANI?

Watu wengi hufikiri kwamba kinachowaka ni ile petroli ya maji maji. Sivyo. Kinachowaka ni mvuke wake, ile harufu unayoisikia puani. Ukisikia harufu, jua mvuke uko hapo.

Mambo manne tuyashike vizuri.

La kwanza, petroli hutoa mvuke wa kushika moto wakati wote. Hata kukiwa na baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, mvuke huo uko. Mafuta taa ni tofauti. Yanahitaji kupata joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto. Ndiyo maana mtu aliyezoea mafuta taa hudanganyika. Anafikiri hizi ni ndugu wawili, kumbe mmoja ni mkali mara nyingi kuliko mwenzake.

La pili, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kama mara 3 au 4. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa chini kama maji, unaingia chini ya mlango na ndani ya mashimo. Mtungi unaweza kuwa huku na jiko likawa kule, hatua nyingi, na bado mvuke ukalifikia jiko. Moto ukiukuta unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye mtungi.

La tatu, petroli hupanuka ikipata joto. Kwa kila nyuzi 10 inaongezeka karibu asilimia 1. Chukua mtungi wa lita 20 uliojazwa alfajiri wakati wa baridi ya nyuzi 18. Saa nane mchana, kule Chalbi, ndani ya mtungi kuna nyuzi 43 au zaidi. Mafuta yale yameongezeka karibu nusu lita. Kama ulijaza mpaka mdomoni, hiyo nusu lita itaenda wapi? Itasukuma kifuniko, au itapasua mtungi pembeni.

La nne, ni uzito. Lita moja ni karibu robo tatu ya kilo. Lita 5 ni chini kidogo ya kilo 4, hizo si shida. Lita 20 ni kilo 15, tena kilo zinazochezacheza. Dereva akikata kona, mafuta yanakwenda upande wa pili.

Najua kijana mmoja atasema moyoni, "Sisi tumebeba miaka na miaka na hatujaungua." Namjibu kwa upole. Nchi yetu imeshalia mara nyingi kwa sababu ya petroli. Tarehe 31 Januari 2009 kule Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lilianguka na watu wakaja kuchota. Zaidi ya 100 walikufa. Tarehe 12 Septemba 2011 katika kijiji cha Sinai, Nairobi, petroli ilivuja kutoka kwa bomba, ikafuata mtaro mpaka kati ya nyumba za mabati, ikakutana na moto. Watu wapatao 100 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019 huko Morogoro, kwa majirani zetu Tanzania, lori lilianguka tena, watu wakaja na mitungi, miongoni mwao vijana wa bodaboda. Zaidi ya 100 walikufa. Watu hawa hawakuwa wajinga. Wengi wao walikuwa wameishika petroli siku nyingi bila kuungua. Kutoungua jana si dawa ya leo.

KWANZA PIGA HESABU

Mafuta yaliyo salama kuliko yote ni yale yaliyo ndani ya tangi ya pikipiki. Tangi imetengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, mtungi tunauhitaji kweli?

Kila kikundi kijue pikipiki yake inakula kiasi gani. Jaza tangi mpaka alama. Andika namba za kilomita. Tembea kazi ya kawaida, kama kilomita 100 hivi, kisha jaza tena mpaka alama ile ile. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Kama ni kilomita 100 kwa lita 2 na nusu, pikipiki yako inakwenda kilomita 40 kwa lita. Fanya hivyo kwenye lami, halafu fanya tena kwenye mchanga ukiwa na mzigo. Utashangaa. Pikipiki ya kilomita 45 kwenye lami inaweza kurudi mpaka 30 au chini ya hapo kwenye mchanga.

Sasa tuchukue mfano. Safari ni kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, jumla 240, njia ni ya mchanga. Pikipiki inakwenda 30 kwa lita. 240 gawanya kwa 30 ni lita 8. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya kupotea njia, kuzunguka lagga iliyojaa maji, au kukwama. Hiyo ni kama lita 2 na robo tatu. Jumla ni karibu lita 11.

Kama tangi yenu ni ya lita 11, mnaona kwamba imefika mwisho wake, na hakuna anayetaka kusafiri akihesabu matone. Basi mtungi mmoja wa lita 5 unatosha, na unabaki na nafasi ya kupumua. Yule aliyefunga mtungi wa lita 20 kwa safari hii amebeba kilo 15 za hatari bila faida yoyote. Na kama katikati ya njia kuna duka lenye petroli ya kuaminika, pengine mtungi hauhitajiki kabisa.

Nimesema petroli ya kuaminika kwa sababu ile inayouzwa kwa chupa kando ya barabara mara nyingine huchanganywa na mafuta taa. Mchezo huo ulienea hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018, ili bei zikaribiane na wachanganyaji wakose faida. Petroli iliyochanganywa hutoa moshi mwingi, injini inagonga na kukosa nguvu, na inaweza kukuacha njiani. Ukiweza, nunua kwenye kituo kilicho na leseni.

CHOMBO GANI?

Chombo kizuri ni mtungi uliotengenezwa kwa ajili ya petroli. Kuna wa chuma na kuna wa plastiki nzito. Ule wa chuma wenye vishikio vitatu ulibuniwa na Wajerumani miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi. Waingereza walipoupata vitani wakauiga, na kwa sababu waliwaita Wajerumani "Jerry," jina jerikeni likazaliwa. Ubora wake ni kwamba una nafasi ya hewa juu, mafuta yapate pa kupanukia, na kifuniko chake hubana kwa kufuli ya chuma.

Chombo cha petroli kiwe na mambo haya: ukuta mnene usiobonyea ukikaza kidole, kifuniko cha kuzungusha au cha kubana chenye mpira usioliwa na petroli, na kisiwe na ufa, kutu ya ndani wala kiraka.

Vyombo tusivyotumia ni hivi:

Mtungi wa mafuta ya kupikia. Huu ndio unaotuumiza zaidi kwa sababu uko kila nyumba. Ukuta wake ni mwembamba. Mpira wa kifuniko chake hulegea ukikaa na petroli, na baada ya muda unaanza kulia. Tena unafanana kabisa na mtungi wa maji. Mtoto ametumwa maji gizani, atajuaje?

Chupa ya soda au ya maji. Hupasuka ikianguka, na mtu mwenye kiu ataipeleka mdomoni kabla ya kuinusa.

Mfuko wa plastiki. Huo hata tusiuzungumzie.

Mtungi wa petroli upakwe rangi nyekundu na uandikwe PETROLI kwa herufi kubwa, na kwa lugha ya nyumbani pia, ili hata nyanya asiyejua Kiswahili aelewe. Asiyejua kusoma achorewe moto. Na mtungi huo usitiwe kitu kingine tena maisha yake yote. Usitiwe maji, wala maziwa, na zaidi ya yote usitiwe mafuta taa.

Hapo nisimame kidogo, akina mama mnisikie. Mtungi uliokuwa na petroli ukitiwa mafuta taa, masalio ya petroli yanaingia ndani yake. Mafuta taa hayo yakitiwa kwenye taa ya koroboi au stovu, yanawaka kwa kishindo. Atakayeungua si dereva wa pikipiki. Ni mama aliye jikoni na mtoto aliye mgongoni. Ukinunua mafuta taa na ukasikia harufu kali ya petroli, usiyatumie, hata kama pesa imekwenda.

Mtungi mzuri ni ghali, hilo nalijua. Lakini si lazima kila mtu awe na wake. Kikundi kinunue mmoja au miwili, iandikwe kwenye kitabu cha mali ya kikundi, na anayesafiri aichukue kwa kutia sahihi na kuirudisha, kama tunavyofanya na viti na sufuria za sherehe.

KUJAZA MTUNGI

Fuata hatua hizi bila kuruka hata moja.

1. Zima pikipiki. Asiwepo anayevuta sigara.

2. Ondoa mtungi kwenye pikipiki, uuweke chini ardhini. Usijaze ukiwa juu ya keria, juu ya kiti, wala ndani ya pikapu. Petroli ikipita kwenye mpira wa pampu na kuingia kwenye plastiki huzaa umeme mdogo, kama ule unaokuchoma vidole ukivua sweta ya nailoni. Mtungi ukiwa ardhini umeme huo hupata njia ya kupungua. Ukiwa juu ya kiti unakusanyika, halafu unaruka kama cheche.

3. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa mtungi mpaka mwisho wa kujaza.

4. Jaza polepole. Acha nafasi juu: mtungi wa lita 5 utie lita 4 na nusu, wa lita 20 usizidi lita 19. Muuzaji akikwambia "nimalizie hapo juu," mwambie hapana, asante.

5. Funga, pangusa mtungi, kisha uulaze kifudifudi kwa dakika moja. Ukiona unyevu kwenye kifuniko, mtungi huo hausafiri.

KUFUNGA MTUNGI KWENYE PIKIPIKI

Mtungi ukae chini na karibu na katikati ya pikipiki, upande usio na bomba la moshi, ile tunayoita silensa. Ukifungwa juu kabisa ya keria, pikipiki inakuwa na kichwa kizito na mchanga utaiangusha. Ukifungwa karibu na silensa, joto lake litalainisha plastiki, na tone moja likidondoka hapo hatuna la kusema.

Ili pikipiki isilale upande mmoja, weka mtungi wa maji ya kunywa upande wa pili. Maji yanaweza kuvumilia joto la silensa kuliko petroli, lakini hata huo usiguse bomba.

Funga kwa kamba za aina mbili: kwanza mkanda au kamba ya kukaza isiyovutika, halafu blada, yaani ule mpira wa tyubu, juu yake. Blada peke yake inavutika. Kwenye njia ya mawe mtungi utaruka na kusuguana na chuma mpaka utoboke. Tia kipande cha gunia au cha tairi kuukuu kati ya mtungi na keria. Ukimaliza, shika mtungi na uutingishe. Pikipiki yote itingishike pamoja nao. Kama mtungi unatingishika peke yake, fungua ufunge upya.

Mahali pasipofaa kabisa ni haya: juu ya tangi mbele ya dereva, ndani ya begi la mgongoni, kati ya dereva na abiria, na mikononi mwa abiria. Ukianguka na petroli mgongoni, huwezi kuivua haraka.

Hapo tunafikia jambo gumu. Pikipiki ya kikundi ni pikipiki ya wagonjwa pia. Mama mjamzito anapelekwa hospitali, kilomita 120, na mafuta hayatoshi kurudi. Tufanye nini? Mgonjwa na mtungi havipandi pikipiki moja. Mama huyo hawezi kuruka pikipiki ikianguka, na nguo zake zikilowa petroli hawezi kukimbia. Kuna njia tatu. Ya kwanza, mafuta ya kwenda tu yatoshe tangini, na ya kurudi yanunuliwe mjini hospitali ilipo. Kikundi kiwe na pesa kidogo za dharura kwa kazi hiyo. Ya pili, pikipiki mbili ziende pamoja, moja na mgonjwa, ya pili na mtungi, zikiachana umbali wa kutosha. Ya tatu, mtungi upelekwe mapema siku ya amani na kuwekwa mahali pa kuaminika katikati ya njia. Lakini jambo hili haliwezi kuamuliwa saa nane usiku mama akilia. Liamuliwe leo, mchana, mkutanoni, na liandikwe.

NJIANI NA WAKATI WA KUMIMINA

Kila unaposimama kupumzika, gusa kifuniko, angalia kamba, nusa. Weka pikipiki kivulini, lakini si karibu na watu wanaopika chai.

Wakati wa kumimina ndio wakati wa hatari kuliko wote. Tangi iko juu ya injini, na injini imetoka kukimbia juani. Tone likipita pembeni linaangukia chuma cha moto. Kwa hiyo zima injini na ungoje angalau dakika 10 au 15. Kunywa maji, nyoosha mgongo. Abiria ashuke na asogee mbali, upande upepo unakotoka.

Mtungi uliopigwa na jua huvimba. Usifungue kwa nguvu mara moja. Uweke chini wima, geuza uso, legeza kifuniko kidogo kidogo mpaka usikie pumzi imetoka yote. Ukifungua kwa pupa, petroli itakurukia usoni.

Tumia faneli au mdomo maalum wa mtungi. Mimina polepole na usijaze tangi mpaka juu. Ukimaliza, funga mtungi, funga tangi, pangusa palipomwagika, ngoja mvuke upotee, ndipo uwashe. Kama petroli imelowesha suruali, ivue au ioshe kwa maji mengi kabla ya kusogea mahali penye moto.

Usiku tumia tochi, na uiwashe kabla ya kufungua mtungi. Mtu asiwashe kiberiti kuangalia kama tangi imejaa. Tunacheka, lakini yamefanyika.

Kuna na hii desturi ya kunyonya petroli kwa mrija na mdomo. Tuiache. Petroli kidogo ikipita kwenda mapafuni inaweza kuua. Mtu akimeza, usimtapishe, wala usimpe maziwa au kitu chochote ili atapike, maana ikipanda tena ndipo huingia mapafuni. Mpeleke hospitali, hata kama anasema yuko sawa, hasa akianza kukohoa.

MTUNGI UNALALA WAPI?

Swali hili nimeona linawafanya watu wengi watazame chini. Mtungi wa kikundi mara nyingi hulala nyumbani kwa mweka hazina, chini ya kitanda, ili usiibwe. Na katika nyumba hiyo hiyo kuna jiko, koroboi na watoto. Kumbukeni nilivyosema: mvuke unatambaa chini. Watoto nao wanalala chini.

Petroli isilale ndani ya nyumba ya watu. Kikundi kijenge kibanda kidogo, cha mabati au matofali, mbali na nyumba, jikoni na nyasi kavu. Kiwe na matundu chini na juu ili hewa ipite, na kiwe na kufuli. Funguo iwe kwa watu wawili wanaojulikana. Pembeni pawe na ndoo mbili za mchanga mkavu. Kibanda hicho ni cha mtungi wa safari tu. Anayetaka kuuza petroli ni biashara nyingine, na Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inataka awe na leseni.

Mtungi mtupu nao uwekwe huko huko, umefungwa. Mtungi "mtupu" umejaa mvuke, na kwa hiyo unaweza kulipuka vibaya hata kuliko uliojaa. Fundi asiuchomelee kamwe.

LIKITOKEA LA KUTOKEA

Moto mdogo wa petroli uzimwe kwa mchanga au udongo mkavu. Usimwage maji, petroli huelea juu ya maji, na moto utasafiri nayo. Moto ukishika mtungi au tangi, kimbieni. Acheni pikipiki. Pikipiki ilinunuliwa kwa harambee na harambee nyingine itafanyika. Kijana wetu hatutamnunua popote.

Mtu akishika moto, asikimbie. Alale chini abingirike, na wenzake wamfunike na blanketi au koti zito. Moto ukizima, palipoungua pamwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Maji yakiwa haba, hata yale ya kunywa yatumike. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga, wala yai. Usivute nguo iliyoshikana na ngozi. Funika kwa kitambaa safi, mpe joto mwilini, mpeleke hospitali.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Pikipiki yetu inakwenda kilomita ngapi kwa lita, kwenye lami na kwenye mchanga? Nani atapima, na lini?

2. Usiku wa leo petroli ya kikundi imelala wapi? Ni nani wanalala karibu nayo?

3. Katika nyumba zetu, ni mitungi gani inayotiwa petroli leo na mafuta taa au maji kesho?

4. Mgonjwa akitokea usiku, tutafuata njia gani kati ya zile tatu? Pesa za dharura ni kiasi gani na zinakaa kwa nani?

5. Dereva akiona mtungi unavuja, ana ruhusa ya kukataa safari bila kulaumiwa?

Hilo swali la tano msilipite haraka. Vijana wetu wengi hubeba mtungi mbovu kwa sababu mwenyekiti amesema mzigo lazima ufike leo. Kama kikundi hakijampa dereva haki ya kusema hapana, basi mafundisho haya yote yamebaki kwenye karatasi. Mpeni haki hiyo, na karani aiandike kwenye kumbukumbu za mkutano.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kabla hamjaondoka hapa leo, chagueni watu wawili waende wakauone mtungi wa kikundi, wautingishe, waunuse, na walete habari mkutano ujao. Mungu awabariki na awalinde njiani.